Niambie Wanachosoma Darasa la Tatu

Kitwe, Zambia

Mdogo wangu Enesia,

Kwanza mfikishie Mama shikamoo yangu, kisha uniambie mguu wake unaendeleaje na baridi ya Igamba, na kama bado anakataa kuvaa soksi. Wewe hujambo? Leya je? Sisi huku wazima. Kifua changu kimetulia tangu tajiri alipokubali tupige randa nje, vumbi la mbao linakwenda na upepo. Mke wangu anakaanga vitumbua barazani. Wateja wanamwita bamayo, yaani mama, kwa heshima yao ya Kibemba, naye anawajibu kwa Kiswahili tu na wanaelewana.

Uliniuliza kwenye simu kama tutakuja Desemba kujengea kaburi la Stela. Nilinyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Nina jibu, ila kwenye simu siwezi kulisema, maana unaweka spika na Leya anakuwa karibu.

Wiki iliyopita yule mama wa Igamba anayeleta mchele huku, huyohuyo aliyekukabidhi barua hii, alipita karakana kwetu. Tulikuwa tunatengeneza madawati ya shule. Akasimama akanitazama.

"Wewe si mjomba wake Leya? Yule aliyeongoza Hisabati darasa la tatu?"

Nikamwambia sikujua kama ameongoza.

"We baba, huna simu? Igamba nzima tunajua. Mtoto kaja kwangu na kamba, kapima uwanja wa kuanikia kahawa pande zote nne, kajumlisha, kanitajia mzingo wake. Nikamwambia, mama, unanipimia uwanja, unataka kuununua?"

Akaendelea, na mimi nikaacha msasa. Akasema Leya anasoma namba za Kirumi pale juu ya mlango wa kanisa kabla wazee hawajazisoma. Kwamba asubuhi anasimama uani akielekea jua linakochomoza, ananyoosha mikono na kumwonyesha Mama kaskazini, na Mama anamjibu kwamba yeye hajui kaskazini, upande ule anajua ni wa bombani. Kwamba kwa ajili ya Sayansi amepanda maharage kwenye makopo mawili, moja juani, jingine kalificha chini ya kitanda chako aone kama yataota gizani, na maji yakamwagikia viatu vyako vya kanisani.

Nilicheka naye. Alipoondoka nikakaa kwenye dawati nililokuwa nalisugua, na wivu ukanishika. Sitautafutia jina zuri zaidi, Enesia. Nilimwonea wivu yule mama wa mchele, mtu baki, kwamba yeye anajua na mimi sijui. Nilikuonea wewe, kwa viatu vyako kulowa. Hata Leya nilimwonea, mtoto niliyekuwa nambeba bega hili na Stela bega lile tukienda shambani.

Najua kwa nini hukuniambia. Kila nikimuulizia unajibu, "Anasoma tu, kaka," halafu unahamia kwenye mvua. Na siku hizi ni kaka, kila mara kaka. Zamani uliniita Baba Stela. Unanihurumia, naelewa. Lakini huruma hiyo inaniacha nje ya mlango.

Stela asingeongoza Hisabati, tusidanganyane. Unakumbuka walipofundishwa kutoa kwa kukopa? Alikataa kabisa. "Baba, mimi naona haya kukopa kwa jirani kila siku." Leya akamwambia, "Si utarudisha?" Stela akamjibu, "Hatujawahi kurudisha hata siku moja." Basi akakosa hesabu zote kwa ajili ya adabu. Ila kwenye Kiswahili Leya angepata mpinzani, hilo unalijua.

Alichokuwa anakisubiri darasa la tatu ni kalamu ya wino. Alichoshwa na penseli. Aliwatazama wale wa la tatu wenye wino vidoleni kama watu wazima. Niliponunua kalamu mbili za bluu Tunduma, yake na ya Leya, nilizificha mpaka Januari, na yeye Januari hakuifikia. Ya Leya ulimpa mwenyewe baada ya msiba. Ya Stela nilikuja nayo. Karakana tunatumia penseli ya seremala, kwa hiyo hakuna aliyeigusa hadi leo. Ndiyo hii ninayoandikia. Mwanzoni iligoma, hiyo michoro kwenye kona ya juu ni mimi nilikuwa naiamsha.

Jibu langu ni hili. Tutakuja Desemba. Ila nikifika, usimfichie Leya madaftari. Kalamu iko ndani ya bahasha, mpe. Aniandikie mwenyewe wanachosoma, Jiografia, Historia, Sayansi, hata nyimbo za Kiingereza, na wewe usimsahihishe. Nikisoma nitaona wivu, tena mkali. Pengine nitaiweka barua chini nikapige randa kwanza, kisha nitairudia. Niache niuone. Alipofika Leya ndipo Stela angekuwa amefika, na sina mahali pengine pa kupaona. Mwakani akiingia la nne, nitataka na la nne.

Msalimie shemeji, mwambie mbao za mlango wake nimezipata, nitakuja nazo. Msalimie mwalimu wao wa darasa la pili, aliyekuja msibani na watoto wote wakiwa wamenawa miguu. Na huyo mama wa mchele usimwache aondoke bila chai.

Mke wangu alikuja akasimama nyuma yangu akaisoma barua hii yote. Akarudi kwenye vitumbua vyake. Sasa hivi amerudi kuuliza: yale maharage ya chini ya kitanda, yaliota au hayakuota?

Mungu awatunze hapo nyumbani.

Ni mimi kaka yako,
Baba Stela