Adui Yangu wa Televisheni Anataka Nimsimamie Mwanawe Ubatizoni

Mama Mapalo,

Nakuandikia nikiwa na moyo mwepesi, na ndiyo maana naona aibu kuomba msaada, kwa sababu wengi wanaokuandikia wanalia, na mimi jambo lililoniliza limekwisha vizuri, ila limeacha mkia, na huo mkia nimeshindwa kuukata peke yangu.

Naitwa Bwalya, ni mke na mama hapa Lubumbashi, na kazi yangu ni kuigiza. Huenda umeniona kwenye télé. Mimi ndiye yule mwanamke mwenye wivu katika ile série, ile tamthilia inayoonyesha mambo ya nyuma ya kamera, jinsi waigizaji wawili wanavyogombania nafasi ya kwanza kwenye filamu moja, hata mmoja anamtilia mwenzake upupu kwenye poda. Huyo mwenye upupu ndiye mimi. Nyota ninayemwonea wivu anachezwa na Syntiche, ambaye ni mdogo wangu kwa umri, na anayetuandikia na kutuongoza ni Damien, mtu mwenye kipaji, sitamnyima haki yake.

Mwanzoni mimi na Syntiche tulikuwa watu wa salamu tu, hatukuwa marafiki wala maadui. Tournage, yaani kupiga picha, tulifanyia katika nyumba moja mpya ya mtaa wa Ruashi ambayo sebule peke yake ndiyo ilipakwa rangi, kwingine kote matofali matupu, na kila lori la mgodi lilipopita ilibidi tunyamaze mpaka kelele iishe, na katika kungoja huko watu huongea, na hapo ndipo Damien alipoanza kunisogelea na maneno. "Mama Bwalya," aliniambia siku moja, "miye sipendi kuleta matatizo, lakini Syntiche anasema weye unanukia samaki." Marehemu mama yangu alitulea kwa samaki wakavu wa Kilwa yetu ya ziwani, aliwauza hapa mjini mpaka nguvu zikamwishia, na hakuna mtu wa kikundi chetu cha waigizaji asiyejua hivyo, basi neno lile liliingia mahali palepale lilipotumwa. Sikumwuliza Syntiche kitu. Niliacha tu kumsalimu, naye haukupita muda akaacha hata kunitazama, nami nikasema moyoni, unaona, anajua alichokisema.

Kibaya zaidi, Mama Mapalo, ni kwamba kazi ilipendeza. Tulipokuwa tunachukiana kweli, kila tulichocheza kilishika moto, na mji ukaanza kutugawana. Kwenye salon za kusuka kulikuwa na watu wangu na watu wake, wakibishana mpaka msusi anasahau kichwa alichokishika. Sokoni mama mmoja alikataa kuniuzia mboga za lenga-lenga, akaniambia niende kwa wachawi wenzangu. Nilicheka palepale, lakini nyumbani nilikuwa sicheki tena, nikawa mkali kwa watoto, usingizi ukanipotea, na mume wangu Lombe akaniambia, "Weye unarudiaka ku nyumba na ule mwanamuke wa télé mu mwili."

Ikafika siku ya kofi. Kofi la kuigiza, wewe unajua, mkono unapita mbele ya uso, mwenzako anageuza kichwa, mlio wanauweka baadaye. Tulikwisha kufanya ya namna hiyo mara nyingi. Lakini kabla hatujaanza Damien alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba Syntiche alikuwa ameiga sauti ya mama yangu akitembeza samaki, na mafundi wa kamera wakacheka mpaka basi. Mama yangu alikuwa hajamaliza mwaka kaburini. Nikarudi pale sebuleni, na mkono wangu haukupita mbele ya uso. Ulifika. Syntiche alipepesuka, akagonga ubavu kwenye pembe ya meza, akaanguka, na mimi nikabaki nimesimama, nikimsikia Damien anawaambia watu wa kamera kwa sauti ya chini, "Musikate. Musikate." Kisha Syntiche akashika tumbo, na nikaona damu kwenye sketi yake.

Tulimpeleka kliniki kwa gari la mwigizaji mwenzetu, mimi nyuma, kichwa chake juu ya mapaja yangu, barabara mbovu, kila shimo tuliloingia nilisikia mimi maumivu. Muuguzi alipouliza, "Mimba iko ya miezi ngapi?" mimi na Syntiche tulitazamana kwa mara ya kwanza tangu tulipokosana, kwa maana Syntiche mwenyewe hakujua. Ameolewa tangu zamani na Chadrack, mtu wa Kivu anayefanya biashara ya kusafirisha mizigo, na kwa muda wote huo hawakupata mtoto, mpaka alikuwa ameacha kuhesabu siku zake.

Chadrack alikuja mbio, akauliza, "Nani alimupiga?" Nikajibu, "Ni miye." Alinitazama, akakaa kando yangu kwa sababu kwenye ule ukumbi kulikuwa na benchi moja tu. Nilimwomba Mungu anichukulie chochote, kazi, jina, hata mkono wenyewe, lakini yule mtoto abaki. Daktari alipotoka alisema maneno machache. "Mutoto iko. Moyo unapiga. Mama alale, asiinuke." Chadrack akainamisha kichwa akalia, na mimi nikalia, kwenye benchi ileile, na tangu siku hiyo sijui furaha nyingine ya kulinganisha na ile.

Kesho yake nilipika bukari, ugali wetu wa hapa, na lenga-lenga nikampelekea. Syntiche alifunua sahani, akaangalia, akafunika tena.

"Yaya Bwalya, na samaki iko wapi?"

"Nilifikiri haupende harufu yake," nikamjibu.

"Nani alikuambia?"

"Damien njo aliniambia. Alisema unasema miye ninanukia samaki."

Akaweka sahani chini polepole. "Miye sikusemaka vile hata siku moja. Miye naye aliniambia weye unaniitaka muti bila matunda."

Mama Mapalo, neno hilo halijawahi kupita mdomoni mwangu. Hapo tukaanza kutoa yote moja moja, hili aliniambia siku ya mvua, hili aliniambia siku umeme ulipokatika, na ile sauti ya mama yangu hakuwahi kuiiga, wala hakumsikia hata mara moja akiwa hai. Yote yalikuwa yametoka mdomo mmoja. Tukacheka mpaka muuguzi akaja kutukataza, kisha tukalia. Nikamwambia, "Lakini kofi ilikuwa yangu." Akasema, "Najua, iliniuma sana. Nimekusamehe. Kesho lete samaki."

Tulipomwuliza Damien hakukana. Alisema, "Miye sikubatuma mupigane. Nilitaka tu jeu, kule kuigiza kwenu, iwe ya kweli." Aliomba msamaha, na naamini aliogopa kweli, kwa maana alikonda.

Sasa mtoto amezaliwa, ni msichana, mzima, mnene, analia kama mtu mwenye haki zake. Syntiche anarudi kazini, sehemu mpya ya série inakaribia kuanza, na hapa ndipo ulipo ule mkia niliokuambia. Damien amezihifadhi picha za lile kofi na anataka kuifungua série nazo, anasema mji mzima utazitazama. Tena ametuomba tusionekane pamoja mahali popote, kwa kuwa watu wakijua tunapendana hawatatazama tena. Basi mimi kumwona mtoto napitia nyuma, katika uwanja wa jirani, kitambaa kichwani mpaka machoni, kama mwizi wa kuku. Nikishaingia ndani nakuwa kama mtu aliyevua kiatu kinachombana. Nikitoka nakivaa tena.

Na Syntiche ameniomba niwe marraine, mama wa ubatizo wa mtoto. Ubatizo ni Jumapili ijayo, misa ya watu wote. Damien aliposikia alisema, "Mukisimama pamoja mbele ya batu, série inakufa, na wenzenu wote mumewanyima kazi." Neno hilo limenifunga, kwa maana kikundi chetu kina watu wenye watoto. Lombe naye anasema niache kuigiza kabisa. Lakini mimi naipenda kazi hii, na nikiwaza kuiacha nasikia baridi. Je, nimwambie Syntiche atafute marraine mwingine, nami nimpende mtoto kwa siri? Au nisimame, na wenzangu wapoteze kazi kwa sababu ya furaha yangu?

Bwalya, Lubumbashi.

*

Bwalya, dada yangu,

Kwanza nishukuru pamoja nawe. Mtoto anapumua, mama yake anapumua, na baba yake alikubali kukaa nawe benchi moja. Wapo wanawake wanaoniandikia ambao wangetoa kila kitu wapate barua yao iishe kama yako ilivyoanza. Basi usifanye shukrani yako kuwa nyembamba.

Sasa nikugombeze kidogo, maana umekuja mwenyewe. Wewe ni mtu mzima, una mume na watoto, na kazi yako ni kusema maneno mbele ya mji mzima. Uliambiwa kwamba mwenzako amekutukana, naye alikuwa hatua chache tu kutoka kwako, mnapakwa poda kwenye kioo kimoja. Ukashindwa kumwambia, "Syntiche, nimesikia hivi, ni kweli?" Sentensi fupi kuliko zote ulizopewa kukariri. Damien alipanda mbegu, sawa, lakini shamba lilikuwa lako na ulilimwagilia maji kila siku. Kuhusu kofi nakuheshimu kwa jambo moja. Chadrack alipouliza, hukujificha nyuma ya Damien. Endelea kuwa mtu wa namna hiyo.

Tuje kwa Damien. Mtu anayewagombanisha wanawake wawili ili picha itoke vizuri hajamaliza kujifunza kazi yake. Kama jeu inahitaji chuki ya kweli, basi siku mtakapocheza kifo itabidi amzike mtu. Mwigizaji halipwi ili achukie, analipwa ili tuamini kwamba anachukia, na wewe nimekutazama, unaweza. Huhitaji kuchokozwa kwa jina la marehemu mama yako.

Anakuambia série itakufa. Anatuonaje sisi watu wa Lubumbashi? Hapa kwetu tumewalilia waigizaji waliokufa kwenye kioo cha télé Alhamisi, na Jumamosi tumewakuta sokoni tukawapunguzia bei ya nyanya. Yule mama aliyekunyima lenga-lenga alikuwa anacheza nawe, nawe hukuelewa kwamba amekupa sifa. Watu watanong'ona Jumapili, ndiyo. Jioni watawasha télé kutazama jinsi wanawake wawili wanaopendana wanavyoweza kuwekeana upupu. Nitakuwa mmoja wao.

Kwa habari ya wenzako wa kikundi, usimwachie Damien awasemee. Ndivyo mlivyofika hapa. Kabla ya Jumapili, mchana, nenda na Syntiche, waume zenu wawepo, mkae na kikundi chote, na uwaambie wewe kwa mdomo wako: mtoto anabatizwa, mimi ndiye marraine, karibuni. Uwaulize kama kuna anayeona vibaya. Utashangaa ni wangapi wamechoka kunyamaza pale lori linapopita na pale lisipopita.

Lile kofi si lako, Bwalya, wala si la Damien. Linaonyesha mwili wa Syntiche ukianguka na damu ya mtoto wake. Yeye ndiye atakayesema lionekane au lifutwe. Akisema lifutwe, lifutwe mbele ya macho yenu, na msiingie kwenye tournage yoyote kabla halijafutwa. Mcheze jingine, la mkono unaopita mbele ya uso. Na kuanzia sasa iwe sheria kati yenu: neno lolote litakaloletwa kwako juu ya Syntiche, mshike mkono aliyelileta, mwende naye mpaka kwa Syntiche, alirudie hapo. Maneno mengi hufa njiani.

Lombe usimpuuze. Alikuona usingizi ukikupotea kabla wewe hujajiona, na hataki kuyaona hayo tena. Usimjibu kwa kumwambia unapenda kazi yako, analijua hilo. Mwambie ni nini kitabadilika, kisha kibadilike. Mwalike siku moja aje akae kwenye tournage akuone ukichukia kwa ufundi na kucheka wakizima kamera. Kuigiza usiache. Aliyeungua kidole hafungi jiko.

Kumpenda mtoto kwa siri, hapana. Mtoto hafichiwi mtu anayempenda. Atakua, ataanza kutembea, atakuita jina lako njiani mbele ya watu, na utafanya nini, umgeuzie uso?

Kwa hiyo Jumapili shona mapema nguo sare na Syntiche, kitambaa kimoja. Kichwa wazi. Keti mbele. Na padri atakapokuuliza kama uko tayari kuwasaidia wazazi wa mtoto huyu, usingoje mtu akuambie "action". Jibu mwenyewe, kwa sauti ambayo hata waliokosa viti wataisikia.

Mama Mapalo