Baba Anasahau Haraka Kuliko Ninavyosoma

Mshauri mpendwa, nakuomba univumilie kwa urefu wa barua hii, maana nimejaribu kuifupisha nimeshindwa, na hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumweleza haya bila kuambiwa nijikaze, na mimi kujikaza nimejikaza mpaka basi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nasimamia mstari wa washonaji kwenye kiwanda cha sare za shule, mashine zinanguruma tangu asubuhi na nikitoka masikio bado yanavuma, na tangu mwaka jana naishi na baba yangu mzazi, baada ya daktari kutuambia kwamba ugonjwa wake wa kusahau hautarudi nyuma, utasonga mbele tu. Baba alikuwa msoma prufu kwenye kiwanda cha uchapaji, yaani yeye ndiye aliyesoma kila ukurasa kabla haujachapwa ili akamate makosa, na kazi hiyo ilimwingia mwilini kiasi kwamba hata karatasi ya maelezo inayokuja ndani ya boksi la dawa aliisahihisha kwa penseli, na mimi tangu utoto aliniita Koma kwa sababu, alisema, nikishaanza kuongea sina nukta. Mtu huyo huyo sasa ananiuliza kama amekula wakati sahani bado iko mbele yake, na anamwita mama, aliyetutoka zamani, aje amfunge vifungo vya shati.

Nilikuwa nimeanza kuizoea hali hiyo, kama mtu anaweza kuizoea. Halafu siku moja binti yangu alikuwa mezani anafanya kazi ya shule, analalamika kuhusu riwaya waliyopewa, kwamba haelewi kwa nini yule mwanamke alikubali kuolewa na daktari, na baba kutoka kwenye kiti chake, bila hata kugeuka, akasema, "Hakumpenda daktari. Alipenda nyumba ya daktari. Kasome tena pale anapotazama madirisha." Sote tuliacha tulichokuwa tunafanya. Akaendelea kueleza, nani alimdanganya nani, barua ipi ilichelewa, kwa nini mwandishi alimuua yule shangazi mapema, akaongea mpaka chakula kikapoa, na mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi kwa sababu sauti ile sikuwa nimeisikia kwa miezi mingi. Akanigeukia. "Na wewe Koma, ulimwonaje yule mwanamke?"

Nikamwambia kitabu hicho sijakisoma. Akasema, "Ahaa," akageuza uso dirishani, na jioni ile riwaya hakuitaja tena.

Ndipo nikaelewa kwamba hadithi alizosoma bado zimo kichwani mwake hata kama sisi tunatoka, na kwamba nikizisoma mimi pia tutakuwa na mahali pa kukutana. Vitabu vyake vyote ninavyo, vimejaa kwenye kabati la sebuleni, na nikasema nitavisoma. Mshauri, mimi kitabu cha mwisho nilikisoma nikiwa shuleni, tena kwa sababu ya mtihani. Nilianza kujaribu wakati wa chakula cha mchana kazini, lakini nikifungua tu, "Dada, sindano imekatika," "Dada, kola zimeletwa ndogo," na hata wasipokuja nakaa nikiwasubiri waje. Nikajaribu jioni nikishapika, macho yanateleza juu ya mistari, nafika chini ya ukurasa sijui juu kulikuwa na nini, narudia, simu inalia, ni kundi la kazini, najibu, narudi, nimepotea. Siku nyingine niliifungia simu ndani ya sufuria kubwa nikafunika, ikaanza kutetemeka humo ndani, mwanangu mdogo akaja mbio na ufagio akidhani ni panya. Mume wangu, fundi wa majokofu, mtu asiye na neno baya, akaniambia, "Mama watoto, hicho kitabu umekifanya mto." Tulicheka wote, lakini mimi nilicheka kwa juu juu.

Maana wakati huo baba naye hakuwa ananisubiri. Nilianza kile cha ndugu wawili wanaogombania shamba, nikasoma kwa tabu sura chache, nikaja kumuuliza kuhusu yule ndugu mkubwa, akaniuliza, "Ndugu wa nani?" Kesho yake akataja kitabu kingine, cha mwalimu aliyehamishiwa kisiwani, basi nikakiacha kile cha shamba nikakimbilia hicho cha mwalimu, na kabla sijafika katikati hicho nacho kikawa kimemtoka. Nimekuwa nikifanya hivyo, naanza hiki naacha, naanza kile naacha, kabatini vitabu vimejaa vipande vya karatasi vya kuonyesha nilipoishia, na sijamaliza hata kimoja.

Mwisho nikaomba likizo yangu ya mwaka. Kazini walidhani nakwenda kupumzika. Nikakichukua kile cha mwanamke na daktari, nikajifungia chumbani watoto wakiwa shuleni, nikakisoma mpaka mwisho. Sikufurahia hata ukurasa mmoja, nitakuwa mkweli, nilikuwa nasoma kwa hofu ya kuchelewa, nikisikiliza kama baba anakohoa sebuleni. Nilipomaliza nilitoka na kitabu mkononi, nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamwambia, "Baba, nimekimaliza. Ulisema kweli, hakumpenda daktari, alipenda ile nyumba."

Akanisikiliza kwa adabu sana, kama anavyosikilizwa mgeni. Nilipomaliza akasema, "Hicho kinaelekea kuwa kitabu kizuri. Mimi sijawahi kukisoma. Ukishakimaliza uniazime."

Nilikwenda bafuni nikafungua bomba nisisikike, nikalia.

Nilipompigia kaka yangu, anayeishi mbali, akaniambia, "Unajisumbua dada. Mzee keshaondoka huyo, amebaki mwili tu. Hivyo vitabu vipelekwe shule wanafunzi wavitumie." Tangu siku hiyo sijafungua kitabu. Jioni tunakaa naye tunatazama televisheni, yeye haifuatilii na mimi siioni. Nimeshindwa kuwa msomaji, na kuwa mtoto wa maana kwa baba yangu nako nimeshindwa, na alipokuwa mzima akiniomba nisome nilimwambia sina muda. Naomba uniambie ukweli. Kuna njia ya mtu mzima, mwenye kazi kama yangu na nyumba kama yangu, kuzoea kusoma kila siku? Au nimechelewa, vitabu nivitoe tu?

Ni mimi, binti ya msoma prufu.

*

Jibu la mshauri

Binti ya msoma prufu, pole. Ninaisema hiyo pole nikiwa nimekaa, siyo ya kusemea mlangoni. Ugonjwa wa baba yako ni msiba unaokuja kidogo kidogo kila siku, na hakuna anayekuletea mkeka wala kukaa na wewe kwa sababu marehemu bado anakula mezani. Una haki ya kulia, na bomba lisifunguliwe.

Sasa nisikilize. Uliamua kushindana mbio na ugonjwa, na wewe mwenyewe ulikuwa umemsikia daktari akisema hausimami. Ulitaka kumaliza kabati zima kabla kichwa cha baba hakijamaliza kufutika. Hata mtu asiye na kazi, asiye na watoto, asiye na sindano za kuvunjika, asingeweza. Halafu uliposhindwa ukahitimisha kwamba wewe siyo mtu wa kusoma. Mama, ulikuwa husomi. Ulikuwa unafukuza. Mtu hawezi kuzoea kitu anachokifanya kwa hofu, na ndiyo maana kitabu kizima ulichokimaliza hakikukuachia ladha yoyote.

Na kuna jambo nitakugombeza kwalo. Mzee aliyesahau kwamba mke wake amekufa, aliyesahau kama amekula, alikutazama na kitabu mkononi akasema, "Uniazime." Wewe ulisikia kwamba amesahau. Mimi nimesoma barua yako mara mbili na ninachosikia ni mtu anayetaka kusoma. Alikuomba kitabu waziwazi, ukakimbilia bafuni. Ulipaswa kuketi palepale chini ukafungua ukurasa wa kwanza.

Basi ndivyo utakavyofanya. Ile habari ya kusoma peke yako kisha kumpelekea ripoti iishe leo. Utamsomea kwa sauti. Chagua kitabu kimoja, hicho hicho cha daktari, kwa kuwa unakijua na hakitakusumbua, na vile vipande vya karatasi vyote vitoe kwenye vitabu vingine uvitupe. Kila jioni nadhani unamwogesha baba au unambadilisha nguo kabla ya chakula. Basi akishavaa shati safi, hapo hapo mketi msome. Usitafute saa maalumu, hutaipata. Tabia mpya haitaki nafasi yake yenyewe, inataka kubebwa na kitu ambacho tayari unakifanya hata ukiwa umechoka. Simu mpe binti yako. Sufuria iliyo jikoni ni ya mume wako kwa muda huo, mwambie mimi ndiye niliyesema, mtu anayejua kutengeneza jokofu hawezi kushindwa kuzima jiko.

Usihesabu kurasa. Ukichoka katikati ya sentensi, funga. Usimuulize baba maswali, maana kila swali kwake sasa ni mtihani na anajua anaufeli, hata kama hajui tena kuusema. Akikatiza na kueleza jambo la hadithi nyingine, msikilize. Akilala, endelea ukurasa mmoja zaidi, huo ni wako.

Kazini, wakati wa chakula, toka pale kwenye mashine uende stoo ya vitambaa, uwaambie washonaji dada amekwenda kula. Kiwanda hakitaungua. Huko uwe na kitabu chembamba ulichokichagua mwenyewe, kisichotoka kwenye kabati la baba, hata kama ni cha mapenzi, hata kama baba angekicheka. Hili usilidharau. Ukisoma kwa ajili yake tu, siku atakapokuwa hasikilizi tena utaacha, na utakuwa umempoteza yeye na umepoteza na kusoma.

Kaka yako mpe kazi. Akipiga simu kuuliza hali ya mzee, mweke kwenye spika uendelee kusoma. Akiwa na subira ya kusikiliza mpaka mwisho wa sura, hapo atakuwa na haki ya kuongea kuhusu vitabu viende wapi. Kwa sasa haviendi popote.

Uliniomba ukweli, nami sitakuficha. Hatapona. Hutakutana naye pale ulipotaka, mahali ambapo yeye anakumbuka na wewe umesoma mkabishana kama zamani. Nafasi hiyo ilikuwepo ulipomwambia huna muda, na imepita. Lia kwa hilo, ni kubwa. Lakini usijiite mtoto asiye wa maana, kwa sababu mtoto asiye wa maana hatumii likizo yake yote kusoma riwaya asiyoipenda ili aseme neno moja kwa baba yake. Na kwa yule daktari wa baba rudi, umwambie hata usingizi wako wewe ukoje, kwa maana barua yako ina uchovu ambao kitabu hakiutibu.

Anza leo, akishavaa shati. Zitakuja jioni atakazokuwa anakutazama mdomo tu. Itakuja na jioni atakayokuuliza wewe ni nani. Usimkumbushe, na usimsahihishe. Mwambie, "Ni mimi ninayekusomea," kisha endelea na mstari unaofuata.