Kisogo cha Kinyozi

9 Januari

Mwanangu, kifungua mimba wa kaka yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, paka akiwemo. Hatujambo. Mgongo wangu unalalamika kama kawaida yake, nami siusikilizi. Wewe je? Bado unafua mashuka ya hospitali nzima? Ile michubuko ya sabuni imepona? Usinijibu "niko sawa" kama unavyofanya kwenye simu huku unakimbilia zamu. Ndiyo maana naandika. Barua huwezi kuikata.

Haya, kaa chini. Baba yako anagombea.

Huyu huyu baba yako, kinyozi. Anataka kiti cha mwakilishi wa wazazi kwenye kamati ya shule ya mdogo wako, Macho. Aliponiambia nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha akanieleza sababu, nikaacha kucheka.

Kamati inataka kulifunga darasa lake, lile la watoto viziwi. Wanasema watoto ni wachache mno, chumba kigeuzwe cha kompyuta, na wao wapelekwe shule ya bweni, safari ya kutwa nzima. Wajumbe wamegawanyika katikati, kwa hiyo atakayekalia kiti cha wazazi ndiye atakayeamua. Anayekitaka kwa nguvu ni Bwana Tai, yule mwenye duka la mabati, anayefunga tai nyekundu hata akienda kununua chumvi. Si mtu mbaya. Wanawe wanasoma pale, anawatakia kompyuta, na akisimama kuongea hata mimi nasahau kilichonileta. Lakini akipata yeye, Macho wetu anaondoka.

"Dada," baba yako akaniambia, "Macho anaogopa giza. Giza likiingia haoni mikono ya mtu, hakuna awezaye kumwambia neno. Hapa namwachia taa. Huko nani atajua habari ya taa?"

Tangu mama yenu atutoke nikahamia hapa, sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mimi nikiwa namtazama. Unamjua. Mpe kisogo pale kwenye kiti chake cha kunyolea, ataongea mpaka mteja asahau alikotoka. Mgeukie umtazame usoni, basi, anasoma viatu vyake. Na mkutano wa wagombea ni mwezi ujao, mbele ya wazazi wote.

Mwenye kusimamia kampeni ni mimi. Tuombee.

Shangazi yako

*

27 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, na mikono imepona kabisa, siku hizi tunapewa glavu. Nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya lundo la mashuka, mashine zinanguruma pande zote, mwenzangu wa zamu akaniuliza kama nimefiwa au nimeshinda bahati nasibu. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja.

Baba! Mbele ya watu! Shangazi, siku ya harusi yako alipotakiwa kusema mawili matatu si alitoka nje akajifanya anatafuta viti?

Lakini namwonea fahari. Nimemwandikia hotuba, imo humu ndani ya bahasha. Ni ukurasa mmoja, herufi kubwa. Asikariri, asome tu. Umpigie pasi shati la bluu, na umwambie asimame wima.

Macho mbusu kwenye paji la uso. Mwambie dada yake hatakubali apelekwe popote.

Mwanao

*

22 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima wa mwili. Roho ndiyo sijui.

Mkutano umepita. Shati lilikuwa la bluu, lilinyooka kama ubao. Alisimama wima kama ulivyosema. Akasema, "Wazazi wenzangu." Kisha akainua macho akaona nyuso. Wee! Ulimi ukaganda. Mwalimu mkuu akakohoa. Baba yako akaikunja ile hotuba taratibu, akasema, "Asanteni," akaketi.

Kuna waliopiga makofi wakidhani ndiyo imeisha. Kuna mmoja alicheka. Nilimgeukia huyo nikamwuliza kama nyumbani kwake wanajua alipo. Hakucheka tena.

Bwana Tai akafuata, akaongea vizuri, akawachekesha, hata akasema tumpe jirani yetu muda. Alisema kwa wema, ndicho kilichoniuma.

Sasa sikia maajabu. Kesho yake baba yako alifungua duka kama kawaida, na kila kichwa kilichokaa kwenye kiti kile kilipewa hotuba nzima. Siyo ile yako, usininunie. Yake mwenyewe. Mimi nafagia nywele huku machozi yananitoka. Wateja wanainuka wanamshika mkono kwa mikono miwili. Hata Bwana Tai alikuja kunyolewa! Nikamnong'oneza kaka amwachie mstari wa upara pale katikati, kidogo tu. Alinikasirikia kweli. Akamnyoa vizuri kuliko yeyote, akampulizia na poda shingoni, akamwelezea habari za Macho mwanzo mpaka mwisho. Yule bwana alitoka akasahau chenji yake.

Lakini vichwa vya wanaume wachache haviwezi kutupa kiti, na kina mama hawanyoi kwake. Usiku huu anasema atajitoa asije akamtia Macho aibu. Mkutano wa mwisho ni siku yenyewe ya kura. Nipe la kufanya. Hasira zimeniishia, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Shangazi yako

*

10 Machi

Shangazi wangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, sina la kulalamikia ila baridi. Sikiliza, na usimwonyeshe Baba barua hii.

Siku niliyoondoka, asubuhi, aliniita dukani anipunguze nywele. Nilijua si nywele. Akanifunga kile kitambaa cheupe, akaanza kukata. Halafu akasema nyuma yangu, "Sijui hii nyumba itakuwaje bila wewe. Tangu umezaliwa, nikiingia mlangoni nakutafuta wewe kwanza. Nenda, mwanangu. Usirudi kwa kunionea huruma." Alisema mengi, Shangazi. Na kile kioo cha mbele alikuwa amekitundikia taulo, nisimwone. Nilitamani kugeuka nimkumbatie. Sikugeuka, kwa sababu ningegeuka angenyamaza. Nilikaa nikamwachia kisogo mpaka akamaliza yote, na nywele zikawa fupi kuliko nilivyotaka.

Sasa nani kasema mgombea lazima asimame mbele? Mpeleke nyuma ya ukumbi. Wazazi watazame ubao, yeye aone visogo tu. Avae na koti lake la kazi kama itamsaidia, ashike na kitana mkononi, sijali watu watasema nini. Kamwombe mwalimu mkuu. Akikataa, mwonyeshe ile hasira yako, itarudi tu.

Asijitoe. Tafadhali.

Mwanao

*

3 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Ninyi hamjambo? Natumaini hamjambo, maana sijui. Kura imepita, najua, nilitia alama kwenye kalenda ya chumba cha kufulia. Kila siku naangalia sanduku la barua. Nimepiga simu, Baba akapokea, akasema, "Shangazi yako atakuandikia," akampa Macho simu. Macho! Nikasikia pumzi zake tu na kucheka kwake.

Kama ameshindwa, niambie. Kama Macho anafungiwa begi, niambie nianze kuomba likizo. Kimya ndicho siwezi.

Mwanao

*

9 Aprili

Mwanangu mwenye fujo,

Marahaba, marahaba. Sisi wazima, na mgongo umetulia ajabu. Usinilaumu kwa kuchelewa. Baba yako alisema hii barua ataandika yeye. Akakaa na karatasi jioni baada ya jioni, hajaandika hata mstari. Eti karatasi inamtazama. Nimemnyang'anya leo.

Mwalimu mkuu alikubali bila hasira yangu kuhitajika. Alisema hakuna kanuni inayokataza mtu kuongelea nyuma. Basi baba yako akasimama kule karibu na mlango, koti la kazi, kitana mfukoni. Visogo vimejaa mbele yake. Akaanza! "Wengi wenu nawajua kwa upande huu," akasema. "Wewe hapo, hilo kovu ulilipata kwa baiskeli. Na wewe, mwanao alipoanza shule nilimnyoa akiwa analia, ukalia naye." Ukumbi ukacheka. Maneno yanatiririka. Nikajisemea, yule binti ana akili, amenirithi mimi.

Kumbe tulisahau jambo moja, wewe na mimi, wajanja wakubwa. Macho alikuwa mstari wa mbele na darasa lake. Visogo vya watu wengine vinasikia, lakini kwake yeye, baba yake akiwa nyuma hayupo. Akaona watu wanacheka, hajui wanacheka nini. Akageuza kiti chake. Sakafu ikakwaruza, ukumbi mzima ukasikia isipokuwa yeye. Akapanda juu ya kiti, akamtazama baba yake juu ya vichwa vya watu wote, akauliza kwa mikono, "Unasema nini?" Wenzake nao wakageuka. Kisha mzazi mmoja, na mwingine, mpaka nyuso zote zikawa zinamtazama kaka yangu.

Nikasema basi, tumekwisha. Akatazama viatu. Mimi nimeuma shali yangu mpaka nimeitoboa.

Halafu akainua macho. Hakututazama sisi, alimtazama Macho. Mikono ikapanda, mdomo nao ukafunguka, akawa anasema kwa vyote viwili. "Nilikuwa nawaambia kwamba unaogopa giza."

Macho akajibu kwa mikono, na baba yako akatutafsiria kwa uso wa aibu: "Anasema nisiwaambie hilo."

Watu walicheka, mwanangu, lakini kicheko cha upendo. Baba yako akaendelea, macho kwa mtoto. Akasema, "Mimi mtu akinitazama siwezi kuongea, mliona wenyewe. Huyu peke yake naweza, kwa sababu kwake bila uso na mikono mimi si kitu. Mwalimu wa darasa lile ndiye aliyenifundisha lugha hii ya mikono, nimekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yanagusa kidevu. Kompyuta nazitaka na mimi. Wekeni humo humo, nafasi ipo, na hawa wajifunze pia. Lakini mkilifunga, mtoto wangu atalala mahali ambapo hakuna wa kumwambia kwamba kesho kutakucha. Na mimi nitabaki na visogo." Akashusha mikono. Hapakuwa na makofi, watu walikuwa wanatafuta leso. Nilimpenda kaka yangu siku ile kuliko siku yoyote tangu tuzaliwe, na nimeshamwambia, tena usoni, akakimbilia jikoni.

Kura zetu ni za foleni. Wagombea wanasimama uwanjani wakitazama ukuta wa madarasa, wazazi wanajipanga nyuma ya wanayemtaka, na mgombea haruhusiwi kugeuka mpaka kuhesabu kuishe, asije akawabembeleza watu kwa macho. Ndiyo hivyo: mtu aliyekaa nyuma ya visogo vya watu maisha yake yote, leo kisogo ni chake, na hajui nani yuko nyuma.

Watoto walikaa kibarazani, wanatutazama. Baba yako akamwuliza Macho kwa mkono mmoja, chini chini pale kiunoni, "Wapo?"

Macho alinyoosha shingo. Akatazama nyuma ya baba yake, akatazama tena, akasimama kwa vidole vya miguu. Akamjibu polepole, kama mtu anayehofia kukosea: "Sioni mwisho."

Foleni ilitoka nje ya geti. Na niliyemwona akivua tai yake, akamkabidhi mkewe, kisha akaacha nafasi yake ya mgombea akaja kusimama nyuma ya baba yako, sitamtaja. Ila amenyolewa vizuri.

Darasa linabaki. Macho analala kwake, na taa yake inawaka.

Baba yako anasema ukija likizo atakupunguza nywele. Nimemwambia safari hii hakuna taulo kwenye kioo, ukikaa kwenye kiti kile akuongeleshe mnatazamana. Ameufuta mkasi, akaufuta tena. Amesema atajaribu.

Shangazi yako