Mtafiti Asiyejua Kikombe

Shoga, mbona hupokei simu? Basi soma, nimejaa hasira.

Yule mtafiti wa lugha ya watoto amekuja leo. Miwani mikubwa kuliko akili. Kamkalisha mjukuu wangu mkekani, kamwonyesha picha ya kikombe. "Hii ni nini?" Mtoto kimya. Picha ya kiatu. "Na hii?" Kimya, anamkodolea macho tu.

Picha ishirini, shoga. Ishirini!

Kisha akamgeukia mkwe wangu, nami nimekaa palepale kama gunia: "Mama, mtoto ana miaka mitatu na hana maneno. Bibi yake hamsemeshi. Mpelekeni kituo cha kulelea watoto, ashinde huko."

Mimi! Mimi simsemeshi!

Na mkwe akaitikia, "Sawa, daktari, Jumatatu nampeleka." Nikahisi nimenyang'anywa mtoto mikononi.

Sasa niambie, kwetu nani humuuliza mtoto kitu ambacho muulizaji mwenyewe anakiona? Tunamuuliza kama kuku wametaga, au nani kagonga mlango. Hapo atakusimulia mpaka uchoke!

Bwana mkubwa anafunga begi, mtoto akanivuta nguo: "Bibi, maskini mjomba hajui hata kikombe. Asiondoke, nitamfundisha."

Unajua msomi wetu kajibu nini? "Hilo halihesabiki, jaribio limekwisha."

Halihesabiki! Elimu yote ile, masikio hana!

Mkwe ndiye aliyemfungulia mlango. "Asante, daktari. Jumatatu mtoto atashinda na bibi yake."