Majibu ya kisima chetu

Rukaiya, mwenzangu, hebu sikia haya.

Leo shangazi Klara kaenda wilayani kuomba majibu ya vipimo vya kisima chetu, kile kilicho jirani na mgodi.

Afisa kamwambia, "Mama, hiyo ripoti ni ya kampuni. Ni siri ya biashara."

Siri! Shangazi kamuuliza, "Siri ya biashara, na maji tunakunywa sisi?"

Afisa kafunga faili. Kamsindikiza hadi mlangoni, kisha kamnong'oneza: "Lakini wajukuu zako usiwape."

Usiwape! Rukaiya, kasema usiwape!

Shangazi karudi hapa Shelui. Kawakuta wajukuu wanakunywa uji, akawapokonya vikombe na kumwaga uji wote.

Mkubwa wao kamuuliza, "Bibi, tumekosa nini?"