Banda Alilomjengea Meneja

Nyumbani, chumba cha nyuma ya karakana
Jumapili, 11 Februari

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu za mtu anayekuandikia akiwa na kitambaa chenye maji shingoni, maana joto la safari hii halina adabu. U hali gani? Mguu wako ule umepoa? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Mimi namshukuru Mungu, ni mzima wa kusimama, ingawa mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba ujana ni kitu cha kuazima. Kaka yako naye yupo. Nimeandika "yupo" nikaliangalia neno hilo kwa muda. Tutafika huko.

Miwani uliyotuma ilifika salama, ndiyo ninayoandikia. Sasa naona hata vumbi ambalo zamani nilikuwa nalisamehe.

Kwenye simu uliniuliza habari za Meneja, ukasema nisikufiche. Nilikwepa kwa sababu kaka yako alikuwa amekaa ubavuni mwangu, na mambo haya hayasemwi mwenyewe akisikia. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Meneja ulimwacha akiwa anaenea ndani ya kapu. Sasa ni pande la mbwa, manyoya mazito kama blanketi. Unakumbuka kaka yako alimpa jina hilo kwa kuwa alikuwa akizunguka karakana kutazama wenzake wanavyofanya kazi, yeye mwenyewe hashiki hata msumari. Wateja walikuwa wanauliza, "Meneja yupo?" naye anabweka. Siku zile tulicheka sana katika nyumba hii.

Mikono ya kaka yako ilipoanza kutetemeka, wateja wakaanza kupeleka milango na madirisha yao kwingine. Hakulalamika. Akachukua vyuma vilivyobaki karakanani akajenga kitu kimoja cha mwisho, banda la Meneja. Chuma kitupu, wifi yangu. Sakafu chuma, kuta chuma, paa chuma, mlango wa nondo. Wezi walikuwa wamemtilia sumu mbwa wa jirani yetu mwashi, na kaka yako aliapa kwamba wake hatafikiwa na mkono wa mtu. Miguu ya banda akaimwagia zege lisibebwe. Kisha akalipaka rangi nyeusi ya kuzuia kutu, ikakauka, akarudia tena. Siku ya kumaliza alilizunguka kama bwana harusi. Ulikuwa msimu wa baridi, sote tukasifu. Na mimi nilisifu.

Halafu jua likaja. Upande ule wa ua linapiga kuanzia adhuhuri mpaka linazama, hakuna kinachokinga. Siku moja nilitia mkono ndani ya banda nikautoa kama niliyegusa sufuria mekoni.

Nilimwita daktari wa mifugo. Alinieleza vizuri, si mtu wa kujisikia. Kivuli. Hewa iingie huku itokee kule. Maji yawekwe mahali pawili, tena kwenye mtungi, si kwenye beseni la plastiki linalopata moto. Kitambaa chenye maji nimpitishie tumboni na kwenye nyayo, ila maji ya barafu hapana. Matembezi ni alfajiri tu. Kisha akaligonga banda kwa kidole, akasema, "Lakini yote hayo, mama, ni bure kama analala humu. Hili si banda, ni tanuri."

Nikaweka magunia mabichi juu ya paa. Kaka yako akayatoa. "Maji yanaleta kutu, mama watoto. Unataka kuniharibia kazi?" Nikapaka chokaa nyeupe juu, akaikwangua yote. Nikafunga turubai kutoka ukutani, akalishusha, akasema mwizi hujificha nyuma ya vitu kama hivyo. Kesho yake hakumbuki kama jana tumebishana, lakini kulilinda banda hakusahau hata mara moja. Kichwa chake kimekuwa kama chujio, wifi. Maji yote yanapita, inabaki punje moja, na punje yenyewe ndiyo lile banda.

Kinachoniumiza zaidi ni utii wa yule mbwa. Kila siku kaka yako akiamka usingizi wa mchana, jua likiwa kali kuliko saa zote, anatoka uani na kusema, "Meneja, ofisini." Mbwa mwingine angekimbia. Huyu anainuka kivulini, ananitupia jicho mara moja kama mtu anayeomba udhuru, anaingia. Kaka yako anafunga komeo, anakaa kwenye benchi kulitazama banda lake. Mimi nasubiri asinzie, nafungua, namtoa mbwa ulimi nje, namfuta tumbo. Mzee akizinduka anaanza upya. "Meneja, ofisini."

Utauliza kwa nini sikumwambia. Nilimwambia mara moja. Nilisema, "Baba, banda lako linamuua mbwa." Hakugomba. Aliigeuza mikono yake akaitazama juu na chini, na jioni ile hakula. Sikurudia tena. Ikawa nachagua kati ya mtu na mbwa, na kila siku namchagua mtu, kisha naenda kumwomba mbwa radhi kwa kitambaa.

Nikamwita Cheche. Unamkumbuka, yule aliyejifunza kuchomelea hapa kwetu mpaka nyusi zikaungua. Siku hizi ana karakana yake na ndevu zenye mvi. Nilitaka akate matundu kwa siri wakati Mzee yuko ibadani. Alikuja na mashine ya kukatia, akachutama, akapitisha kidole kwenye maungio taratibu.

"Mama, njoo uone. Mkono ulikuwa unatetemeka, lakini maungio yamenyooka. Alikuwa anabana pumzi kila akichomelea."

"Kata basi, kabla hajarudi."

"Siwezi, mama."

"Wewe mwanamume mzima unaogopa bati?"

"Ndiyo, mama. Hili naliogopa."

Akafungasha vitu vyake akaondoka. Nilimsema vibaya mpaka akafika barabarani.

Wiki iliyopita Meneja alianguka humo ndani. Nilisikia kishindo nikiwa nafua. Nilimvuta kwa miguu ya mbele, mate yamekuwa mazito kama gundi, macho hayanioni. Daktari alimwokoa, lakini amesema moyo umechoka na hautarudi ulivyokuwa. Anakula mkononi mwangu, tena kwa kubembelezwa. Nimeomba sana, wifi. Nilikuwa namwomba Mungu aondoe kile kizuizi, nikimaanisha ukaidi wa kaka yako. Naona sikufafanua vizuri.

Juzi mchana Mzee aliamka, nikakimbia kusimama mbele ya komeo, nimejiandaa kwa lolote. Hakusema "ofisini." Alilijia banda polepole, akaweka kiganja juu ya paa, akakitoa upesi.

"Nani kajenga hili?"

Nilidhani ananitania, maana utani ndiyo kazi yake ya pili.

"Fundi gani anaweka chuma cheusi upande wa jua la jioni? Hata tundu la hewa hakuna. Huyu ni fundi au mchoma mikate?"

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka kwanza, ndipo nikaona amenikazia macho anangoja jibu.

Cheche alikuja jioni ileile. Safari hii alikata. Kaka yako alisimama pembeni akimwonyesha: hapa, na pale mkabala, ili hewa ipishane, paa ling'olewe ziwekwe mbao zenye nafasi katikati, kuta zipakwe nyeupe, sakafuni mchanga. Yote sahihi, kwa sauti ile ya zamani uliyokua ukiisikia. Kila Cheche alipositasita, Mzee alisema, "Kata, kijana, usiogope. Kazi mbovu haihurumiwi." Cheche alifanya kazi ameinamisha kichwa, miwani ya kazi imejaa ukungu kwa ndani. Maungio yale yaliyonyooka yakaanguka chini vipande vipande, nami nikavizoa kwa ufagio.

Walipomaliza, kaka yako aliniuliza tena, kwa upole, kama mtu anayeulizia mgeni, "Lakini huyo fundi mwenyewe nani?"

Nikasema simjui.

Leo ibadani nilitaka kuutubu uongo ule. Nilipiga magoti, maneno yakakataa kutoka, kwa sababu sina hakika tena kama ulikuwa uongo.

Sasa banda linapitisha hewa, jeupe, mchanga wake wa baridi, mtungi umefukiwa nusu ardhini. Daktari kalisifu. Ila Meneja hana faida nalo. Ikifika saa yake ya mchana anajikokota hadi mlangoni, anasimama juani akimtazama kaka yako, anasubiri neno. Haingii bila neno. Namvuta mimi kwa shingo. Jana Mzee aliniuliza, "Yule mbwa anangoja nini?" Nikamwambia anangoja meneja. Hakucheka.

Ulisema utakuja mkataba wako wa kazi ukiisha, mwakani. Wifi, usingoje. Sikuahidi kitu, wala sikupi matumaini ambayo mwenyewe sina. Pengine hata ukipanda gari kesho utafika umechelewa. Lakini bado anakutaja kwa lile jina la utani, Kiroboto, na anasimulia ulivyoanguka juu ya paa la karakana ukadai ulikuwa unashuka. Wewe hajakuvunja vipande bado kama lile banda. Usilete zawadi, lete uso wako.

Nisalimie shemeji, mwambie alale ubavu. Nisalimie bintiyo mkubwa muuguzi, na yule mdogo mnayemwita Kijiko, mwambie mkaza mjomba wake anamkumbuka kila akikoroga uji. Msalimie pia yule mama mkwe wako mwenye masharti.

Mungu akutangulie, akuwekee kivuli kila unapopumzika, na akufikishe huku ukiwa bado unajulikana.

Ni mimi, wifi yako, nikupendaye kana kwamba tulinyonya ziwa moja,

Mke wa kaka yako