Bibi Yake Aneth Kwenye Tanbihi

Ikram, Dokta Anyitike hana utu jamani!!

Si ndo somo la kupima vyanzo. Aneth kaandika habari za mashamba ya karanga Kongwa, chanzo chake bibi yake aliyelima kule.

Dokta kamsimamisha mbele. "Bibi yako kachapishwa na nani?" Darasa likavunjika mbavu. Hata mimi nilicheka.

Kisha kampa kitabu alichoandika yeye Dokta. "Hiki ndicho chanzo. Soma, na tanbihi zake!"

Aneth kasoma. "Mahojiano na Damari Chidawali, mkulima, Kongwa, 1994."

Kaweka kidole kwenye jina. "Dokta, huyu ndiye bibi yangu."

BIBI YAKE, Ikram!

Dokta hata hakupepesa macho. "Kumbe umenakili kitabu changu bila kunitaja. Sifuri. Kaa."